Mashine Iliyosoma Vizuri Saa ya Kula

Kabla ya kuletwa ile mashine ya kukereza, kazi yangu katika karakana ya meli pale Makiso ilikuwa kupiga taipu, na niliichukia. Barua za mkurugenzi zilianza zote namna moja, zikaisha zote namna moja, na katikati hapakuwa na kitu. Siku meli ilipoteremsha sanduku kutoka Kinshasa, na ndani yake mashine inayochonga chuma kwa kufuata maagizo ya kompyuta, ikaonekana kwamba karakana nzima ni mimi tu ninayeweza kuandika bila kuwinda herufi kwa kidole kimoja. Nikaitwa kwa mhandisi. Sikutembea, nilikimbia.

Kompyuta iliwekwa ofisini kwa sababu ya vumbi, mashine ikakaa karakanani. Kati yazo ulipita waya mrefu, na ndani ya waya huo maagizo yalisafiri herufi moja moja, kwa foleni. Mhandisi, mtu wa Maniema mwenye subira kunishinda, alinieleza kwamba kila herufi inakwenda na alama yake ndogo ya kuihakikisha. Mashine ikipokea herufi isiyolingana na alama yake, inawasha taa nyekundu na kusimama. Jambo hilo lilinipendeza mno. Katika Zaire ya siku zile nilijua watu wachache sana waliokataa kudanganywa waziwazi namna hiyo.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Kisha ikaanza taa nyekundu. Tunatuma, inasoma kidogo, inakataa. Tunatuma tena, inakatalia mahali pengine. Na hapo ndipo ilipofika meli ya kusukuma matishari, imevunjika ule mhimili unaozungusha rafadha, ikafungwa bandarini kungoja tuichongee mwingine. Mkurugenzi alikuja ofisini mwenyewe.

“Kama ile chuma haitoke mbele ya bateau, ile meli ingine, kushuka Kinshasa, tutapakia machine ndani yake, irudi kwenye ilitoka,” alisema. “Na weye, citoyenne, utarudilia taipu yako.”

Citoyen, citoyenne, yaani mwananchi: ndivyo Chama kilichotawala kilivyotuamuru kuitana siku zile.

Tulibadili waya. Tukapunguza mwendo wa kutuma, mashine ikakataa polepole. Mhandisi alipekua kitabu cha mashine mpaka kurasa zikalegea. Mimi nilinuna. Wengine walipokwenda kula, nilibaki na kwanga yangu, ule mkate wa muhogo, na kipande cha samaki, na kwa hasira tu nikabonyeza kutuma. Nikaendelea kutafuna. Nilipoinua macho, maagizo yalikuwa yamefika yote, mpaka neno la mwisho.

Nilimwita mhandisi, akaacha sahani yake. Tukatuma tena, ikasoma. Lakini yalikuwa maagizo ya majaribio tu, na tulipoweka yale ya mhimili, watu walikuwa wamekwisha kurudi kazini. Taa nyekundu.

Sasa nilisahau hata hofu. Nilitaka kujua tu: ni nini kinachokwenda kula mchana na kurudi? Tulipita kwa kila mtu tukimwomba asimamishe kidogo chombo chake, huku tukituma. Mashine ya kutoboa ikazimwa, bado. Jiwe la kunolea likazimwa, bado. Tukafika kwa mzee mmoja tuliyemwita papa, aliyekuwa akichomelea vyuma pembeni. Alipoinua mkono, mashine ilisoma. Alipogusa chuma tena, cheche zikaruka na taa ikawaka.

“Mimi tena?” alifoka papa. “Miaka yote minachomelea hapa, nani alishalalamika? Hata hii machine yenu ilinikuta hapa, na ilikuwa inasoma muzuri!”

Alisema kweli. Kuchomelea hakukuwa kitu kipya, basi kulikuwa na kingine kilichobadilika. Mhandisi alikuna kichwa, akainama nyuma ya mashine, akaanza kuufuata waya wa ardhi, ule unaoshusha chini umeme uliopotea njia. Ulitoboa ukuta, ukatoka uani, ukaingia ardhini.

Uani palikuwa safi kama mahali pa arusi. Kila Jumamosi asubuhi tulifanya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo Chama kiliamuru, tukilima majani na kuimba. Mhandisi alifukua kwa vidole. Waya ulikuwa umekatwa, ncha zake mbili zikiwa zinang’aa bado, na udongo umefunikwa juu yake vizuri. Umeme wa papa, ulipokosa njia ya ardhini, ulikuwa ukirudi kwa waya wetu na kuvuruga herufi.

Mhandisi alianza kucheka, kisha akaacha. Mahali pale chini ya ukuta palilimwa na mtu mmoja tu. Mkurugenzi alipachagua daima, kwa sababu panatazamana na mlango mkubwa, aliposimama mtu wa Chama kuangalia nani anatoa jasho.

Tuliunga waya, tukaufukia, tukatuma huku papa akichomelea kwa nguvu zake zote, maana alitaka kutuonyesha. Ikasoma yote. Chuma kilipoanza kuzunguka na kutoa maganda ya kung’aa, nililia, na sikuona haya.

Mkurugenzi akauliza ilikuwa shida gani.

“Panya, citoyen directeur,” alisema mhandisi. “Ilikula waya kule chini ya ukuta.”

“Panya! Bon. Samedi, kwa salongo, tutachimba pale sana, mpaka tutoe nyumba yao.”

Njia ya mwongo ni fupi: jembe lile lile lingeukata waya tena. Nilimtazama mhandisi, naye akatazama dari.

Jumamosi nilifika mapema, nikasimama juu ya waya. Watu walikuja, nyimbo zikaanza, mtu wa Chama akasimama mlangoni pake. Mkurugenzi akanijia na jembe begani.

“Toka hapa, citoyenne. Hapa njo kwangu kwa kulima.”

Sikutoka. Nilimwinamia sikioni ili asisikie mwingine.

“Citoyen directeur, ile panya ilikuwa na jembe.”

Alinitazama. Akatazama ukuta, tundu la waya, udongo chini ya viatu vyangu, kisha jembe lake, polepole. Shingo yake ikalowa jasho, na alikuwa hajalima bado. Nilijiona tayari mbele ya taipu, naandika barua inayoanza kama zote na kuisha kama zote.

“Citoyenne huyu,” alipaza sauti, akigeukia mlango mkubwa, “kuanzia leo atalima hapa, yeye peke yake!”

Akaenda kulima upande wa choo, ambako hakuna aliyemwona. Nami nikaimba kupita wote, nikipiga jembe hewani tu, lisiuguse waya.