Asali ya Mama Advera

Mama Advera ni mpishi wa shule yetu ya bweni, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Bukene. Aliishia darasa la saba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu Erasmus, mwalimu wetu wa nidhamu, mwenye shahada na suti ya kaki, hulitaja kila siku.

Jikoni kwake kuna mtungi uliozikwa nusu kwenye mchanga, anaoulowesha maji asubuhi na jioni. Humo hukaa insulini ya Najiat, msichana wa kidato cha pili mwenye kisukari, maana friji ya walimu imejaa soda zetu. Najiat hujichoma sindano mbele ya mpishi, kisha hunywa uji papo hapo, asichelewe, maana sindano bila chakula hushusha sukari mno. Muuguzi alimfundisha Advera mara moja tu, akashika. Sisi walimu tulipewa semina ya siku mbili, tukashika posho.

Jumatatu moja Najiat alikwisha kujichoma, kengele ya paredi ikalia kabla ya uji. Erasmus akahutubia karibu saa nzima. Debe tupu haliachi kuvuma. Msichana akaanza kutoka jasho, miguu ikamtetemeka, akatoa pipi mfukoni. Erasmus akampokonya.

"Pipi shuleni? Na kisukari chako hicho? Simama wima."

Tulikuwa walimu tisa pale. Wenzangu walitazama bendera. Mimi nilitazama viatu vyangu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Advera alitoka jikoni na kopo la asali, akampita Erasmus kama anayepita kisiki. Alimkalisha msichana chini, akachovya kidole na kumpaka asali ndani ya mashavu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya robo saa Najiat aliomba uji.

Ungedhani Erasmus alijifunza. Alijifunza, ila ujinga. Huku kwetu asali ya msituni haihesabiwi kuwa sukari. Ni dawa ya kila kitu, kuanzia kikohozi hadi husuda. Paredi iliyofuata alisimama na chupa mbili za asali ya nyuki wadogo kutoka Usinge, akatangaza kwamba tiba imepatikana: Najiat atalamba kijiko kila asubuhi, sindano basi. Wasomi wenzangu wakapiga makofi.

Advera alizipokea chupa kwa mikono miwili, akazifungia kabatini jikoni, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Erasmus akamfuata hadi mlangoni.

"Mama, nani amekupa madaraka ya kufungia dawa?"

"Mwalimu, asali hii ni ya siku msichana akitetemeka. Siku nyingine, bila sindano, itamuua, nawe utakuwa bado unahutubia."

Akamgeuzia mgongo, akatoa insulini mtungini na kuchota uji. Najiat akajichoma. Erasmus akamwita mstarini kwa sauti ya kuitisha shule nzima.

Msichana alimaliza uji kwanza.