Nilimpa Mwimbaji wa Kituruki Wimbo wa Shangazi

Mhariri, jina langu libaki kwako, maana hapa Sumbawanga tunajuana. Nina miaka ishirini na sita, sijaoa, nauza katika duka la nguo la mzee mmoja Mwarabu. Kwetu ni Milepa, ambako nililelewa na shangazi baada ya mama kufariki.

Mwaka jana lori la wanamuziki waliokuwa wakienda Rodeshia liliharibika hapa, wakakaa wiki mbili wakingoja kipuri. Mwimbaji wao alikuwa mwanamke wa Kituruki, Bi Nermin. Sijasikia mtu kama yule. Ataanza kwa Kituruki, aingie Kifaransa, amalizie kwa Kiswahili alichookota Dar es Salaam, na jazi imekwisha kuwa dansi hata hujui imegeukia wapi. Alikuwa akija dukani kuniuliza maneno. Siku moja akasema, "Niimbie wimbo wa kwenu."

Nyimbo za Kifipa nazijua nyingi. Nikachagua ule ambao shangazi aliutunga alipomzika Yustina, mtoto wake wa pekee, na ambao huuimba peke yake akisaga ulezi.

"Nani ametunga?" akauliza.

"Mimi."

Nilisema hivyo ili anistaajabie, na kweli alinistaajabia.

Jumamosi alasiri wakapiga muziki katika ghala la tajiri wangu. Wimbo ule ukachangamshwa kwa tarumbeta, watu wakacheza na kupiga vigelegele, nami nikiwa mbele yao. Kugeuka, namwona shangazi mlangoni, kikapu cha ulezi kichwani. Alikuja sokoni siku hiyo. Hakulia. Alisema tu, "Mnamcheza mwanangu," akaondoka.

Nilimfuata Milepa, nikapiga magoti. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Ila kuimba siwezi tena." Tangu hapo anasaga kimya.

Sasa imekuja barua. Bi Nermin anataka kuutia wimbo kwenye santuri, mimi nitajwe mtunzi. Anangoja nimwandikie kwamba nakubali. Nikikataa, wimbo utakufa nasi wawili, na Yustina hana ukumbusho mwingine. Nikikubali, nimemwibia shangazi mara ya pili. Nikisema kweli, itabidi kwanza ajue kwamba nilijiita mtunzi, jambo ambalo hadi leo halijui. Tena nakiri: barua ile nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya kuliona jina langu tu.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliozika watoto, nishaurini. Nimjibu nini Bi Nermin, na shangazi nimwambieje?