Plagini Inayojua Ratiba

Kompyuta ya sebuleni kwetu Bariadi, niliyoiunga kwenye runinga, ilikuwa na plagini mbili (vijiprogramu vya nyongeza) zisizopikika chungu kimoja. Ya tamthilia za mke wangu ilitaka toleo jipya la programu ya video. Ya mpira wangu ilitaka la zamani. Dawa niliijua tangu wiki ya kwanza, ila sikuitumia. Kila siku ya mechi nilirudisha toleo la zamani, nikakunja uso na kusema, “Ya tamthilia imegoma tena.”

Mama mkwe alikuja kutoka Lalago, akakaa mwezi mzima akinisikiliza. Kwa heshima ya ukwe hasemi nami ana kwa ana, basi alimwambia binti yake barazani, kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

“Mwanangu, mifugo nimeiuguza tangu usichana. Sijaona ugonjwa unaojua ratiba ya mpira.”