Mzee Gwilimu Alipotuchezesha kwa Kiswahili

Sisi tuliokulia Kensington, hapa Johannesburg, enzi zile, kabla kila mtoto hajapewa simu, tulikuwa na michezo isiyohitaji kuchajiwa. Tuliruka kamba mbele ya duka la baba, tukala magwinya, maandazi ya huku, ya moto yaliyotuachia mafuta mikononi, na tukijificha nyuma ya marobota ya vitambaa tuliwaiga wateja. Baba alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Mama alisuka nywele mjini, karibu na stendi ya teksi. Wote wawili walikuwa na sentensi moja tu kwa ajili yetu: "Soma kwanza, utacheza ukiwa mukubwa." Sasa nimekuwa mkubwa, na huo mchezo bado naungoja.

Siku moja akaingia dukani mzee wa Kizungu, mrefu, suruali imemzidi kiuno. Mimi na rafiki yangu Achieng tulikuwa tunamwiga mteja aliyekuja kulalamikia koti lake. Yule mzee akaisahau suruali. Akasimama kututazama mpaka mwisho, kisha akapiga makofi. Ndivyo tulivyomjua Gwilym, mtunzi wa tamthilia na mwigizaji kutoka Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Alikuja Johannesburg kufundisha uigizaji kwa miezi michache, akapapenda, akabaki. Tukamwita Mzee Gwilimu, maana ndimi zetu zilikataa kuliacha jina likining'inia.

Akauomba ukumbi wa kanisa letu, na kila Jumamosi tukawa tunakusanyika humo, watoto wa Wakongo, Wakenya na Warundi. Ukumbi ulinukia nta ya sakafu na mandazi ya akina mama. Alitufundisha kupumua kwa tumbo, kusema bila kupiga kelele, na zaidi ya yote, kunyamaza. "Msiuogope ukimya," alituambia kwa Kiingereza chake kilichopanda na kushuka kama tenzi za kanisani. "Mtu akinyamaza, ndipo watazamaji wanapomsogelea." Halafu akasema jambo lililotuvunja mbavu: mchezo wetu utakuwa kwa lugha ya nyumbani.

Kiswahili jukwaani? Mnakumbuka wenyewe tulivyokionea haya. Shuleni tulijifanya Wazulu. Kwenye teksi, ukianza tu "Mama, nina..." unafinywa paja, utamalizia ukishuka. Basi Mzee Gwilimu akatueleza kwamba bibi yake, alipokuwa mtoto wa shule, alitundikwa kipande cha ubao shingoni na kuchapwa kwa kosa la kusema Kiwelisi. Nilipomsimulia baba, mguu wake ukasimama juu ya cherehani. "Kumbe hata bazungu balipigwaka juu ya luga yabo!" Mama Achieng, aliyekuwapo dukani, mfanyakazi wa benki ambaye mlio wa viatu vyake ulifika kabla yake, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Hata sisi kule Kisumu tulivalishwa kibao hicho hicho kwa kusema Kijaluo," akasema. "Mimi nilidhani ni sisi peke yetu."

Mchezo ulitoka vinywani mwetu, yeye akaupanga. Bibi mgeni amepelekwa hospitali, hajui ila Kiswahili. Muuguzi anasema Kizulu. Mjukuu anatafsiri, lakini kwa sababu ya aibu anayapunguza maneno ya bibi. Mimi nilikuwa bibi, Achieng mjukuu.

Wiki chache kabla ya onyesho, vurugu zikaanza kule mtaa wa Alexandra, wageni wakipigwa na kufukuzwa makwao. Baba akafunga duka. Tukasikia kwamba watu wanasimamishwa njiani na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Asiyejua, ni mgeni. Nikawa mwalimu wa mama, mezani, sahani za ugali zikiwa bado mbele yetu.

"Sema indololwane."

"Indororwane."

"Siyo hivyo, mama. Lo. Lo."

Tulicheka. Kisha mama akakishika kiwiko chake akaanza kulia, nami nikaendelea kulitamka lile neno polepole.

Hali ilipotulia, wazazi wakaitana ukumbini. Wengi walitaka onyesho lifutwe, au angalau lichezwe kwa Kiingereza. Macho yote yakamgeukia Mzee Gwilimu. "Mkiniuliza mtunzi, lichezwe kama lilivyo," akasema. "Lakini mimi nikitoka hapo nje hakuna atakayeniuliza habari za kiwiko. Uamuzi ni wenu." Mama yangu, aliyekuwa mwoga kuliko wote, akasimama.

"Miye nimechoka kufinya mutoto wangu mu teksi," akasema. "Muache aseme."

Tukacheza Jumapili alasiri. Baba mwenyewe aliwaalika majirani, akiwamo MaDlamini, Mzulu mwenye spaza, kiduka cha kona, ambaye siku zile za hofu alituuzia mkate kupitia dirisha la nyuma. Nilivaa kitenge cha mama, nikajipaka unga kichwani kuwa mvi. Tukafika hospitali. Nikasema kwamba naogopa kufa mbali na kwetu, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Achieng akamgeukia muuguzi, akamwambia kwa Kizulu kwamba bibi anaumwa mguu.

"Hhayi bo! Ugogo akashongo lokho!"

Alikuwa MaDlamini. Amesimama, kidole kimemwelekea Achieng: bibi hakusema hivyo! Kiswahili hakujua hata neno moja, ila uso wangu alikuwa ameusoma wote.

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukatulia. Achieng akanitazama, macho yakamjaa machozi. Tulikuwa tumepanga aungame mwishoni kabisa, lakini pale pale akayatafsiri yote, kwa Kizulu, hofu yote ya bibi. MaDlamini akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Mzee Gwilimu alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili. "Huo ndio mwisho," alituambia baadaye. "Mimi nisingeweza kuuandika." Tuliurudia mchezo mara nyingi, na MaDlamini hakukosa, na kila mara alimgombeza Achieng upya.

Mzee Gwilimu alizeeka, akarudi kwao, akaucheza mchezo wetu kwa Kiwelisi kabla hajafariki. Achieng leo ana kikundi chake hapa mjini, na hualikwa mpaka Nairobi na Lubumbashi. Vijana wa huko wanapumua kwa tumbo na kuungoja ukimya, wala hawajui wanamfuata mzee gani.

Watoto wetu wamepata kila kitu. Wanaigiza mbele ya simu, wakikosea wanafuta. Sisi tulikosea mbele ya MaDlamini. Juzi binti yangu alicheza shuleni kwao, taa za rangi, vipaza sauti vidogo mashavuni. Alisema sentensi yake kwa Kiingereza safi, ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa mama yangu aliyekaa kando yangu.

"Mujukuu wangu anasema nini?" akaniuliza.

Nikamtafsiria. Akacheka sana, peke yake, wengine wote wakiwa wameshanyamaza.