Mbwa Aliyekataa Kula Mjini Kitale

Siku chache baada ya kumzika baba kule Ndalu, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyake, kama desturi yetu ilivyo. Koti lilienda kwa baba mdogo, baiskeli kwa binamu, kiti chake kwa kaka yangu. Binti aliyeolewa hagawiwi kitu, kwa hiyo mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake wenzangu, nasikiliza. Mbwa hakutajwa. Mama alikuwa anahamia kwa kaka, Bungoma mjini, katika nyumba ya kupanga ambako mbwa hawaruhusiwi. Nikasimama nikasema mbwa nitamchukua mimi. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja alicheka kidogo, basi.

Nilimleta kwangu Kitale nyuma ya pikapu, amelala juu ya magunia matupu. Alikuwa mbwa wa makamo, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Baba hakumpa jina. Alimwita kwa mluzi. Mimi mluzi siujui, maana kwetu msichana akipiga mluzi alichapwa.

Siku ya kwanza hakula, nikasema ni uchovu wa safari. Kesho yake nikampa ugali na supu ya mifupa. Alinusa, akarudi kujilaza langoni. Nikaenda kwa daktari wa mifugo.

“Mbwa mkubwa anafunzika tu, mwalimu,” aliniambia. “Unatumia chakula. Akikaa, unampea kipande. Akikuja ukimuita, kipande. Pole pole anajua wewe ndio mwenyewe.”

Nikanunua matumbo, nikachemsha, nikakata vipande. Kila nikitoka shuleni nachuchumaa uani na kumwambia, “Keti.” Mbwa aliketi. Labda alilijua somo hilo tayari, labda alichoka kusimama. Lakini kipande alikitazama tu, akageuza uso. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimfokea kwamba hata mimi nimefiwa na bado ninakula.

Mbavu zikaanza kuonekana. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniita kando.

“Mama Watoto, huyu anakufa. Sasa ati tunangoja nini? Jumamosi tumuite daktari amdunge sindano, apumzike.”

Alikuwa amesema kweli. Katika vitu vyote vya baba, mimi nilikuwa na huyo mbwa tu, na alikuwa anafia mikononi mwangu. Niliogopa kumzika baba mara ya pili.

Nikampigia mama simu.

“Anakataa kula,” nikamwambia.

“Unampea aje?”

“Kwa sufuria. Kwa mkono pia.”

“Na nani anaonja?”

“Aonje nini, Mama?”

“Hiyo chakula ya mbwa. Baba yako alikuwa anaonja kwanza. Wakati ule wezi walikuwa wanarushia mbwa za watu nyama ya sumu, kutoka Naitiri mpaka kwetu, alimfunza. Aliweka piripiri kwa nyama, akaambia majirani wamrushie. Ikamchoma mpaka akaacha kabisa kula kitu ya watu. Halafu baba yako mwenyewe anakaa chini na sufuria, anakula kidogo mbele yake, ndio na yeye anakula. Kila jioni, mpaka ile wiki alilazwa, halafu nikaonja mimi.”

“Mimi sikujua.”

“Ungejuaje? Nyinyi mlikuwa wa jikoni.”

Ni kweli, tulikuwa wa jikoni. Baba alikula sebuleni. Sisi wasichana tulimpelekea maji ya kunawa, tukaweka chakula, tukatoka na kuvuta mlango. Kaka yangu alipotahiriwa aliitwa ndani akale naye. Mimi nilijua baba ameshiba kwa kuona vyombo vimerudi vitupu. Sikuwahi hata siku moja kutia mkono katika sahani aliyotia mkono yeye. Nilimwonea mbwa wivu, na sioni haya kusema hivyo. Ulikuwa wivu wa kweli, wa kuuma kifuani.

Jioni ile nilisonga ugali, nikaumwagia matumbo juu, nikaketi chini uani miguu nimeinyoosha, sufuria katikati yetu. Jirani alichungulia juu ya ukuta, nikamwacha achungulie. Nikamega tonge, nikala. Halikuwa na chumvi. Mbwa aliinuka langoni, akaja akasimama karibu, akitazama mdomo wangu unavyotafuna. Nilipomeza, akainamisha kichwa ndani ya sufuria na kuanza kula. Nikalia, na yeye hakuacha kula.

Sasa amenenepa. Nikimwita anakuja, nikimwambia aketi anaketi, na wageni anawabwekea kwa adabu. Daktari anasema limebaki somo moja tu: nimfunze kula bila mimi kuonja, maana siku nikisafiri au nikiugua atakufa njaa. Njia yenyewe amenieleza vizuri. Kila jioni nionje kidogo kuliko jana, mpaka niache kabisa.

Namwitikia, kwa kuwa anasema kweli. Kisha jioni inafika, naketi chini na sufuria, na tonge ninalomega halijapungua.