Siku Tisa Bila Kumwamkia Koko

Mwaka ule nilikuwa nasomea fahamu za binadamu na nilikuwa sishikiki. Asubuhi niko maabara natazama mawimbi ya ubongo, mchana niko wodini, jioni niko kwa mchungaji wetu pale Sekei, nikimhoji kuhusu roho mpaka anatafuta sababu ya kuniaga. Nilijua mengi, na nilipenda watu wajue kwamba najua.

Ndipo koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alipopata kiharusi nyumbani kwake Olasiti. Siku ya tisa alikuwa bado kimya wodini kwetu. Daktari, mzee wa Kichaga asiye na maneno mengi, alimmulika machoni, akamminya kucha, akamwambia anyanyue kidole. Mimi nikarudia vipimo vyote, kwa madaha. Mchungaji akaomba. Hakuna kitu. Wajomba wakaamua arudishwe nyumbani mchana uleule, akafie kwake. Nami niliafiki, daftari mkononi. Naona aibu hadi leo.

Nilipokwenda kumuaga ndipo niliposhtuka. Siku tisa naingia na koti langu jeupe, sijamwamkia hata mara moja. Kwetu Waarusha, mtoto humwinamishia mkubwa kichwa aguswe utosini, ndipo mazungumzo yaanze. Nikamwamkia kwa lugha yetu, nikainama mpaka nywele zangu zikagusa vidole vyake.

Mkono ukapanda. Polepole, ukitetemeka, ukatua utosini mwangu.

Nilitoka mbio kumwita daktari. Akasema huenda misuli imeshtuka tu. Safi, hilo nalo nilikuwa nimelisomea. Nikaweka mto kwenye vidole vyake, mkono haukutikisika. Nikaweka sweta langu, hakuna kitu. Nikaamkia, nikainama: ukapanda. Nilirudia mara tatu, nacheka huku nalia, na wajomba waliokuja kumchukua walikuwa wamejazana mlangoni. Sijawahi kufurahi vile maishani.

Daktari alisogea kitandani. Kisha akavua miwani na kuniuliza salamu ile inasemwaje. Nikamfundisha. Aliitamka vibaya sana, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

Koko akamgusa.

"Huyu haondoki," daktari aliwaambia wajomba, bado ameinama. "Yupo."