Mbavu za Krismasi na Mtani wa Baba

Enzi zetu, nyama haikuwa kitu cha kula umesimama. Siku hizi mjukuu wangu anarudi nyumbani na kitimoto, nguruwe wa kuchoma, kwenye mfuko wa nailoni, ananiambia "Mambo, Bibi?" Namtazama mpaka anaikumbuka shikamoo, ndipo namwitikia marahaba na kumwuliza nyama hiyo imekaa motoni muda gani. Ananijibu kwa fahari kwamba ni dakika chache tu, chapchap. Nikiijaribu, haya meno machache niliyobaki nayo yananilaumu. Mama yangu alikuwa akisema mbavu hazitafunwi, zinabembelezwa. Sisi tuliokulia Kariakoo wakati wa Mwingereza, tuliocheza rede barabarani mpaka magoti yakabadilika rangi, tulioandika kwenye vibao vya mawe na kuvifuta kwa mate mwalimu akigeuka, tunajua maana ya kukaa mbele ya jiko na kungoja.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Kibibi, si mbali na soko, upande wa Msimbazi. Ilikuwa nyumba kama zilivyokuwa zote: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua mmoja wa watu wote. Uani ndiko tulikopika, tulikofua, tulikosukwa nywele na kuchapwa. Bi Kibibi alikuwa Mzaramo, mjane mwenye sauti kubwa, na kila alfajiri alipika vitumbua vya kuuza. Sisi tulikuwa Wanyamwezi wa Tabora. Baba alifanya kazi karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, na katika nyumba ile nzima Wakristo tulikuwa sisi peke yetu.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuambiwa Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana inakuwaje. Ni watani, na Bi Kibibi na Baba waliutumikia utani ule kama kazi ya mshahara. Baba alikuwa akipita asubuhi anachopoa kitumbua cha moto karaini, anaenda zake bila kugeuka. Bi Kibibi naye alikuwa akimfichia kofia ya kazi, anamwacha azunguke uani kichwa wazi huku honi ya karakana ikilia. Alimwita mpagazi, akimwuliza mzigo ameutua wapi. Baba alimwita mla uduvi. Mgeni angedhani wanagombana, akatafuta wazee wa kuwapatanisha. Lakini Baba alipougua homa, uji aliokunywa ulikuwa wa Bi Kibibi, na aliunywa huku akitukanwa kijiko kwa kijiko.

Sufuria za uani hazikuwa na mwenyewe. Mwiko wa Mama ulilala kwa Bi Kibibi, kinu cha Bi Kibibi kilishinda mlangoni kwetu. Bi Kibibi alikuwa akifunua chungu cha Mama bila hodi, anachota, anaonja, anasema chumvi haijakolea. Hakuwahi kuuliza ni nyama gani. Hilo ndilo jambo Mama alilolithamini kuliko kitu chochote katika nyumba ile.

Kwa sababu hiyo nguruwe tulimla mara moja tu kwa mwaka, siku ya Krismasi, na hatukumlia nyumbani. Baba alikuwa na rafiki, Simoni, Mnyamwezi mwenzake aliyechochea makaa kwenye garimoshi na kukaa katika nyumba za reli kule Gerezani. Nyama ilinunuliwa kwa Mgoa mmoja, Mhindi Mkristo aliyefuga nguruwe nje ya mji, na ikapikwa kwa Simoni, katika sufuria ambayo haikuwahi kuvuka kuja Kariakoo. Mama alizitokosa mbavu taratibu kwa tangawizi, kisha akazipandisha juu ya mkaa, akazipaka ukwaju na sukari guru mpaka zikawa nyekundu na kung'aa. Mafuta yakidondoka motoni, Simoni alipiga ishara ya msalaba. Tukimaliza, Mama alitusimamisha bombani, akatusugua mikono, midomo na mashavu kwa sabuni ya mche. Alitaka turudi kwa Bi Kibibi tukinuka sabuni tu.

Mwaka ninaousema, Simoni alihamishiwa Tabora kabla ya Krismasi. Baba alinyong'onyea kama aliyefiwa. Alizunguka chumbani siku mbili tatu, mwishowe akamwambia Mama kwamba mwaka huu nyama ipikwe hapahapa, chungu kifunikwe vizuri, nani atajua. Akampa pesa za kwenda kwa Mgoa. Mama akazipokea na kusema sawa. Wanaume wa enzi zile walikuwa hawajajifunza kuliogopa neno hilo.

Krismasi tulikwenda misa ya asubuhi na magauni yetu yenye wanga mwingi hata yakasimama yenyewe. Tulipotoka, mtu wa karakana alikuwa akimngoja Baba mlangoni mwa kanisa. Injini moja ilikuwa imeharibika, na treni haijui sikukuu. Baba akaondoka na suti yake, akimkumbusha Mama kwa macho. Mama akarudi nyumbani, akavua viatu, akamwita Bi Kibibi na mimi, tukaenda sote watatu sokoni. Bi Kibibi mwenyewe ndiye aliyemchagulia mbavu za mbuzi. Alizibonyeza kwa dole gumba, akamwambia mwenye bucha kwamba mbuzi huyu alikuwa babu yake. Njia nzima ya kurudi alibeba kikapu, akijisifu kuwa bila yeye Wanyamwezi wangekula ngozi.

Sasa sikilizeni, mnaopika kwa haraka. Mbuzi si nguruwe, mbavu zake zina ubishi. Mama alikuna papai bichi, akalisaga na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, akazipaka mbavu kila upande na kuziacha zilale kwenye majani ya mpapai. Hatukuruhusiwa kuzigusa wala kuziulizia. Baadaye zikaingia chunguni kwa maji kidogo na moto mdogo, mpaka Mama alipoweza kuuzungusha mfupa ndani ya nyama yake. Ndipo akaazima wavu wa Bi Kibibi wa kuchomea samaki, akazitandaza juu ya mkaa katikati ya ua, hadharani. Brashi yake ilikuwa bua la mchaichai alilolitwanga ncha. Alichovya kwenye ukwaju na sukari guru, akapaka, akageuza, akapaka tena. Watoto wa nyumba nzima waliacha kombolela wakakaa wameuzunguka moto. Aliyekuwa amejificha nyuma ya choo alijitokeza mwenyewe, hakuna aliyemtafuta.

Nyama ilipoiva, Bi Kibibi akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Akatangaza kwamba ua ni wake, wavu ni wake, mkaa umepumua hewa yake, kwa hiyo mpagazi atakuta mifupa. Akauinua wavu mzima kwa vitambaa, akauhamishia mkekani kwake, walipokaa wageni wake wawili kutoka Kisarawe. Ndiyo haki ya mtani, hupokonya na hakasirikiwi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Wakati huohuo Baba anatokea ukumbini.

Harufu alikuwa ameipata tangu mtaani, alituambia baadaye. Alidhani Mama ameichoma nyama ya Mgoa katikati ya ua wa Waislamu. Alipofika mlango wa uani akaona mbaya zaidi: wavu wa Bi Kibibi, mkeka wa Bi Kibibi, na Bi Kibibi mwenyewe ameushika ubavu, anaupeleka mdomoni huku akimkonyeza kwa ushindi. Nilimtazama Baba usoni. Sijawahi kuona mtu mzima ameogopa vile. Angenyamaza, isingejulikana milele. Angesema, tungelala barabarani na vyombo vyetu.

"Bi Kibibi, usile," alisema.

Bi Kibibi akacheka, akamwambia leo hapati hata mchuzi.

"Nakuomba usile. Hiyo ni nguruwe. Nimeiagiza mimi, mama Vero hana kosa."

Mimi, Vero mwenyewe, nilijua ni mbuzi, kila mtoto pale alijua ni mbuzi, lakini enzi zetu mtoto hakumkatiza mkubwa. Nikamtazama Mama aseme. Mama alikuwa amesimama na bua lake la mchaichai mkononi, anamtazama Baba, na hakusema. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini. Alisema alitaka kusikia ameolewa na nani.

Bi Kibibi akauteremsha ubavu. Utani ulikuwa umemtoka usoni wote.

"Kwa hiyo ulitaka kuniletea nguruwe uani kwangu," alisema polepole.

Baba akaitikia kwamba ndiyo, akavua kofia. Akasema kesho atatafuta chumba kwingine. Mmoja wa wageni wa Kisarawe akaanza kumweleza jambo la mbuzi, Bi Kibibi akamzuia kwa mkono. Akamtazama Baba pale alipokuwa amesimama na suti yake ya kanisani yenye grisi ya injini. Kisha akauinua ule ubavu, akauuma, akatafuna bila haraka, akameza. Baba akafumba macho.

"Fumbua macho, mpagazi," Bi Kibibi akasema. "Mbuzi huyu nimemchagua mimi. Mkeo ana akili kukushinda." Akawageukia wageni wake. "Mtani huyu atanitukana, ataniibia, na siku ya kunizika atacheka. Lakini hawezi kunilisha nisichokula. Mmemsikia? Mpisheni akae."

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Posta. Baba aliketi chini mkekani kama mtu aliyekatwa miguu, nasi tukamrukia. Bi Kibibi akamtoza faini palepale: kila Krismasi atanunua mbavu za mbuzi za kutosha ua mzima, na yeye Bi Kibibi atazipokonya. Nyama yenyewe ilikuwa laini, ukiinua mfupa unabaki nao mkononi peke yake. Ukwaju ulitung'ata ndimi, sukari guru ikatuganda mpaka viwikoni. Siku ile hatukupelekwa bombani. Baba alipewa ubavu mmoja, tena mdogo, akaula kwa furaha ambayo nguruwe wa Gerezani hakuwahi kumpa.

Faini aliilipa mpaka Bi Kibibi alipofariki. Siku ya mazishi Baba alilala njiani mbele ya jeneza, akasema haliendi popote mpaka alipwe mbavu zake zote alizopokonywa. Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka, mtu akamtupia senti, akainuka akajipangusa vumbi, akawapisha. Jioni nilimkuta uani ameushika ule wavu wa samaki, analia kama mtoto.

Leo naishi kwa binti yangu, nyumba nzuri, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Jirani namjua kwa honi ya gari lake. Kila nyumba inapikia ndani, kila chungu kina mwenyewe, na vijana wanajisifu kwamba hakuna anayewaingilia. Krismasi bado nazipika mbavu za mbuzi: papai bichi, majani ya mpapai, bua la mchaichai. Zikianza kung'aa naondoa komeo, naliacha geti wazi. Binti yangu ananigombeza, anasema wezi wataingia wachukue nyama yote. Namwambia, mwanangu, ndio hao ninaowangoja.